Karakana ya Makapi ya Portsmouth: Uteuzi wa Mashine Pale Ambapo Zana Zilikuwapo Tayari

Historia ya useremala huandikwa mara nyingi kwa kufuata uvumbuzi wa zana, kuanzia tezo na keke hadi msumeno wa injini, kana kwamba kila karakana iliyopokea zana mpya iliipokea kwa sababu haikuwa na kitu. Maamuzi mazito zaidi, hata hivyo, yamefanyika katika karakana zilizokwisha kujitosheleza, zenye misumeno, mashine za kukereza na mafundi hodari, ambamo kazi ilikwenda vizuri na ambamo aliyetaka kuongeza mashine alilazimika kwanza kuonyesha ni wapi hasa kazi hiyo ilikuwa ikikwama. Mfano ulio wazi mno wa maamuzi ya namna hiyo unapatikana kusini mwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Huko karakana mbili za mbao, moja ya familia moja mjini Southampton na nyingine ya serikali katika bandari ya kivita ya Portsmouth, zililetewa mashine zilezile, na ingawa kila moja ilikuwa na vifaa bora kwa kipimo cha wakati wake, moja ilizikataa na nyingine ikazipokea.

Kitu kilichotengenezwa na karakana hizo ni kapi, kifaa kisichohitaji maelezo mengi kwa baharia yeyote wa jahazi. Kapi la mbao lina ganda lenye umbo la yai lililobinywa ubavuni, ambalo limetobolewa uwazi mmoja au zaidi. Ndani ya uwazi huo huzunguka roda, yaani gurudumu dogo lenye mfuo wa kupitishia kamba. Na pini hupita katikati ya ganda na roda ili kuvishikilia pamoja. Kwenye jahazi la pwani ya Afrika Mashariki, lenye foromali moja kubwa na tanga la pembe tatu, makapi machache kwenye henza, ambayo ni kamba ya kupandishia foromali, pamoja na mengine machache ya kukazia kamba, yanatosha kuiendesha safari. Manowari za Ulaya za zama hizo zilikuwa na milingoti mitatu, kila mlingoti ukibeba foromali kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kila tanga lilikuwa na kamba zake za kulipandisha, kulivuta, kuligeuza na kulikunja, mbali na makapi yaliyotumika kuvuta mizinga na kuinua mizigo. Manowari ya mizinga 74 ilihitaji makapi yapatayo 1,000. Wakazi wa Zanzibar waliwahi kuiona meli ya daraja hiyo, kwani Seyyid Said bin Sultan alikuwa na manowari ya mizinga 74 iliyoitwa Liverpool, iliyoundwa Bombay na kushushwa majini mwaka 1826, ambayo aliitoa zawadi kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1836 na ambayo Waingereza waliipa jina jipya la Imaum. Yeyote aliyetazama juu kwenye milingoti ya meli kama hiyo aliweza kufahamu kwa nini jeshi la wanamaji la Uingereza, lililokuwa na mamia ya meli vitani dhidi ya Ufaransa, lilihitaji makapi zaidi ya 100,000 kila mwaka, na kwa nini kapi moja lililogoma kuzunguka wakati wa dhoruba lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Sehemu kubwa ya makapi hayo ilitoka katika karakana ya familia ya Taylor ya Southampton. Walter Taylor, aliyefariki mwaka 1803, alikuwa fundi wa kiwango cha juu kabisa, na itakuwa kosa kumsimulia kama mtu wa kale aliyepitwa na wakati. Katikati ya karne ya 18 makapi mengi yalichongwa kwa mkono na hayakulingana, roda zikikwaruza ganda na pini zikikaa kombo, hata kamba zikakatika kabla ya wakati wake. Taylor alibuni mashine za kukata na kukereza zilizofanya roda iwe duara kamili na pini ikae katikati barabara. Aliiweka karakana yake Woodmill, kando ya Mto Itchen, ambako maji yaliendesha magurudumu ya mashine, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini Uingereza kutumia msumeno wa duara, yaani bamba la chuma la mviringo lenye meno linalozunguka mfululizo badala ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Makapi yake yalisifiwa na manahodha, na mkataba wake na serikali uliendelea kwa miongo kadhaa. Karakana hiyo, kwa ufupi, ilikuwa na nguvu za maji, misumeno ya kisasa, mafundi wenye uzoefu na mteja wa uhakika.

Karakana ya pili ilikua kwa njia tofauti kabisa. Samuel Bentham, mdogo wake mwanafalsafa Jeremy Bentham, alirejea Uingereza mwaka 1791 baada ya miaka mingi ya utumishi nchini Urusi, ambako alikuwa amesimamia karakana kubwa zenye wafanyakazi wengi wasio na ujuzi na kulazimika kufikiri jinsi mashine inavyoweza kubeba ujuzi ambao mfanyakazi hana. Hati yake ya haki ya uvumbuzi ya mwaka 1793 inaeleza mashine za kupiga randa, kutoboa, kukata na kuchonga mbao kwa upana ambao hakuna aliyewahi kuufikia, na mwaka 1796 aliteuliwa Mkaguzi Mkuu wa Kazi za Jeshi la Wanamaji. Hatua yake ya kwanza katika bandari ya Portsmouth inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa hakuanza na zana za kukatia mbao. Alianza na nguvu. Magudi ya Portsmouth, yaani mabwawa makavu ambamo meli hutengenezwa, yalihitaji kukaushwa maji kila mara, na kazi hiyo ilifanywa na farasi. Bentham alipendekeza injini ya mvuke, ambayo wakuu wa bandari waliiogopa kwa sababu ya moto miongoni mwa meli za mbao na lami, na ya kwanza ikafungwa mwaka 1799. Kwa kuwa upigaji wa maji ungeweza kufanyika usiku, mchana injini hiyo ilikuwa huru, na Bentham aliitumia kuendesha misumeno. Hivyo kabla ya mwaka 1802 bandari ilikuwa na majengo mawili ya kupasulia mbao, yaliyosimama sambamba na kuachana kwa ua, yakiendeshwa na mvuke ambao tayari ulikuwa umelipiwa na kazi nyingine.

Mashine zenyewe zilitoka kwa mtu wa tatu. Marc Isambard Brunel alizaliwa Normandy mwaka 1769, akatumikia jeshi la wanamaji la Ufaransa, akakimbilia Marekani mwaka 1793 wakati wa mapinduzi, akawa mhandisi wa jiji la New York, kisha akahamia Uingereza mwaka 1799 akiwa na wazo la kutengeneza makapi kwa mashine. Mwaka 1801, baada ya kupata hati ya haki ya uvumbuzi, alifanya jambo ambalo mfanyabiashara yeyote mwenye busara angelifanya: kwa kupitia shemeji yake aliyekuwa ofisa katika utawala wa jeshi la wanamaji, aliupeleka uvumbuzi wake kwa Taylor, mtengenezaji mkubwa kuliko wote. Jibu aliliandika Samuel Taylor, mwana wa Walter, naye alieleza kwa heshima kwamba baba yake alikuwa ametumia miaka mingi na fedha nyingi kuifikisha kazi hiyo kwenye ukamilifu, kwamba mbao zao zilipasuliwa kwa vipimo sahihi na makapi yao yalilingana, na kwamba hawakuwa na tumaini kuwa kitu bora zaidi kingeweza kugunduliwa.

Wanahistoria wengi wamelisoma jibu hilo kama kiburi, lakini usomaji huo haumtendei haki mwandishi wake. Samuel Taylor alipima pendekezo la Brunel kwa kipimo alichokuwa nacho, nacho kilikuwa ubora wa kapi lililokamilika, na kwa kipimo hicho alisema kweli, maana kapi la Woodmill lilikuwa zuri na mashine mpya isingelifanya lizunguke vizuri zaidi kwa kiasi ambacho baharia angekitambua. Alichokiacha nje ya hesabu ni saa za mikono zilizotumika baina ya mashine moja na nyingine. Mashine za Taylor zilishughulikia hatua alizoziona kuwa ngumu, hasa upasuaji na roda, lakini uumbaji wa ganda kwa sehemu kubwa ulibaki mikononi mwa mafundi wenye patasi na visu vya mipini miwili, na kadiri vita vilivyozidi ndivyo idadi ya mafundi hao ilivyozidi kuwa kikomo cha uzalishaji wote. Mtu aliyezoea karakana yake kwa miaka 40 huona kwa urahisi chombo kilichochakaa, na kwa shida sana huona kazi ya mkono inayofanywa vizuri kila siku kuwa ndiyo kizuizi.

Upande wa Portsmouth uamuzi ulikuwa na ugumu wake. Bentham mwenyewe alikuwa amebuni mashine kadhaa za kutengenezea makapi na alikusudia kuzifunga katika majengo yake. Brunel alipomletea michoro na mifano yake, Bentham alizilinganisha, akakubali kwamba za mgeni yule zilishinda za kwake, na akawaandikia wakuu wake kuzipendekeza. Idhini ilitolewa Agosti 1802. Kitendo hicho hakitajwi vya kutosha katika historia ya ufundi, ingawa bila ya hicho hadithi nzima ingekuwa nyingine, kwa sababu ofisa mwenye cheo chake angeweza kuziweka mashine zake mwenyewe bila mtu kumuuliza.

Ujenzi wa mashine ulikabidhiwa kwa Henry Maudslay, fundi chuma wa London aliyeanza kazi akiwa mtoto katika ghala la silaha la Woolwich na baadaye akawa maarufu kwa kukereza parafujo na kusawazisha bapa za chuma kwa usahihi usio wa kawaida. Hadi wakati huo mashine nyingi za mbao zilikuwa na fremu za mbao, ambazo huvimba kwa unyevu, hulegea kwa mtikisiko na hupoteza vipimo. Maudslay alizijenga mashine za Brunel kwa chuma kitupu, kikiwemo chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Jumla yake zilifikia 45 za aina 22. Ua uliokuwa baina ya majengo mawili ya misumeno ulizibwa kuta na kuezekwa, ukawa ukumbi wa mashine hizo, na nguvu ya mvuke ikaletwa kwa mihimili na mikanda kutoka kwenye injini iliyokuwapo.

Namna mashine hizo zilivyofanya kazi ndiyo inayodhihirisha fikra iliyoziongoza. Magogo ya mti wa Ulaya uitwao elmu, ambao nyuzi zake zimesokotana na kwa hiyo haupasuki kirahisi, yalikatwa vipande vya mstatili kwa misumeno. Kila kipande kiliingizwa kwanza katika mashine ya kutoboa, iliyotoboa tundu moja la pini na tundu jingine, kwa pembe mraba na lile la kwanza, mahali ambapo uwazi wa roda ungeanzia. Jiriwa ya mashine hiyo ilipokibana kipande iliacha juu ya mbao alama ndogo zilizodidimia, na mashine zilizofuata zilikishika kipande kwa alama hizohizo, hata kila ukataji ukapimwa kutoka katikati ileile. Katika karakana ya kawaida fundi hupiga mistari upya kwa kila hatua, na kila upigaji mistari ni nafasi ya kukosea. Huko Portsmouth mistari ilipigwa mara moja tu, nayo ilipigwa na mashine.

Kutoka hapo kipande kilikwenda kwenye mashine ya kutoboa uwazi, ambayo pengine ndiyo iliyookoa jasho kubwa kuliko zote. Patasi ilifungwa kwenye fremu iliyopanda na kushuka zaidi ya mara 100 kwa dakika, ikiwa na vijiwembe vya pembeni vilivyokata kingo kabla ya ulimi wa patasi kung'oa kibanzi. Kila fremu ilipopanda, kitoroli kilichobeba kapi kilisogezwa mbele kidogo kwa kiasi kisichobadilika, na uwazi ulipofikia urefu wake usogezaji ulikoma wenyewe. Msumeno wa duara wenye meza ya mshazari ulikata pembe nne. Kisha vipande 10 kwa pamoja vilipangwa kwenye ukingo wa magurudumu mawili makubwa yaliyozunguka kwa kasi, mkataji akiongoza kisu kwenye njia iliyopinda kwa kufuata kiolezo, yaani bamba lililokatwa kwa umbo linalotakiwa. Upande mmoja ulipokamilika, vipande vyote 10 viligeuzwa robo mzunguko kwa pamoja na kisu kikarudia safari yake. Kwa kuwa kipande kilichochomoka kingeweza kuua, mashine hiyo ilizungushiwa kizimba cha chuma. Mashine ya mwisho ya ganda ilichimba mfuo wa nje ambamo kamba ya kulizingira kapi ingekaa.

Roda zilikuwa na msafara wake. Zilitengenezwa kwa lignum vitae, mti wa visiwa vya Karibi ulio mzito na wenye mafuta yake ya asili, unaozama majini kama mpingo na usiohitaji kupakwa grisi. Msumeno wenye umbo la taji ulikata duara na kutoboa katikati kwa wakati mmoja. Mashine nyingine ilichimba nafasi yenye mikono mitatu, ambamo kiliingizwa kitovu cha madini ya kengele, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na bati. Vitovu vya pande mbili vilifungwa kwa riveti, tundu likasawazishwa, na mwishowe mfuo wa kamba ukakerezwa. Kwa kuwa kila roda ililingana na nyingine ya ukubwa wake, na kila uwazi ukalingana na mwingine, ganda lolote liliweza kupokea roda yoyote ya kipimo chake, jambo ambalo melini lilimaanisha kwamba roda iliyovunjika iliweza kubadilishwa bila seremala kuichonga upya.

Hata hivyo si kila hatua ilipewa mashine. Ulainishaji wa mwisho wa ganda uliachiwa mkono, kwa sababu ulichukua muda mfupi na haukuathiri vipimo, na uunganishaji wa kapi pia. Kwa upande mwingine, hatua nyingine zilipewa mashine tatu, kwani kulikuwa na seti tatu zilizogawanywa kwa ukubwa wa makapi. Seti ya makapi ya wastani ilifungwa Januari 1803, ya makapi madogo Mei mwaka huohuo, na ya makapi makubwa Machi 1805. Mpangilio huu wa kuanza na ukubwa wa kati ulikuwa wa busara, kwa kuwa makosa ya seti ya kwanza yalirekebishwa katika zilizofuata, na mashine zilihamishwa na kubadilishwa mara nyingi kabla ya Septemba 1807, wakati karakana ilipotangazwa kuwa inaweza kutosheleza mahitaji yote ya jeshi la wanamaji. Mwaka 1808 ilitoa makapi 130,000. Amirali Horatio Nelson alikwisha kuizuru asubuhi ya 14 Septemba 1805, siku aliyopanda meli kuelekea mapigano ya Trafalgar.

Hesabu inayotajwa zaidi kuhusu karakana hiyo ni kwamba watu 10 wasio na ujuzi wa useremala walifanya kazi iliyohitaji mafundi 110. Hesabu hiyo husomwa kwa furaha katika vitabu vya uhandisi, na ni haki kuisoma pia kutoka upande wa wale wengine. Mkataba wa akina Taylor ulikoma, na ustadi ambao kijana aliusotea kwa miaka 7 ya uanagenzi, wa kujua kwa macho mahali patasi inapotakiwa kuingia, haukuwa tena na mnunuzi. Serikali ilipima akiba yake kwa pauni, na hakuna safu katika madaftari yake iliyopima hasara hiyo. Wala mvumbuzi hakulipwa kwa wepesi. Brunel aliahidiwa akiba ya mwaka mmoja kuwa malipo yake, ndipo mabishano yakaanza juu ya jinsi ya kuihesabu akiba hiyo, yakadumu kwa miaka kadhaa, hadi alipopata karibu pauni 17,000.

Maisha ya Brunel baada ya hapo yanatoa ushahidi wa upande wa pili wa jambo hili. Alijenga karakana yake mwenyewe ya kupasulia mbao huko Battersea, London, yenye misumeno mikubwa ya duara iliyokata mbao kuwa maganda membamba ya kubandikwa juu ya samani, na kwa ubora wa mashine wageni waliistaajabia. Hesabu zake za fedha, hata hivyo, hazikusimamiwa kwa uangalifu uleule, moto uliiteketeza sehemu kubwa ya karakana mwaka 1814, na mwaka 1821 mtu aliyeliokolea taifa maelfu ya pauni alifungwa gerezani kwa madeni, hadi serikali ilipotoa pauni 5,000 za kumtoa. Ikilinganishwa na Battersea, Portsmouth ilikuwa na mambo mawili ambayo hakuna mashine iliyoweza kuyaleta: mteja mmoja aliyetaka kitu kilekile kwa maelfu mwaka baada ya mwaka, na injini ambayo gharama yake ilibebwa na magudi.

Kwa sababu hiyohiyo mfumo wa Portsmouth haukuenea haraka kama watazamaji wake walivyotarajia, ingawa michoro yake ilichapishwa kwa kina katika ensaiklopidia za Kiingereza na karakana ilitembelewa na wageni wengi. Seremala wa milango, wa viti au wa magari ya farasi hakuwa na oda ya vitu 100,000 vinavyofanana, na mashine inayofanya jambo moja tu kwa ukamilifu ingelala bila kazi kwake sehemu kubwa ya mwaka. Vilivyosafiri kutoka Portsmouth hadi karakana za kawaida vilikuwa vipengele kimoja kimoja: fremu ya chuma, patasi inayosukumwa na mashine, kisu kinachofuata kiolezo, kitoroli kinachojisogeza. Mashine zenyewe zilibaki pale zilipofungwa, na baadhi yake ziliendelea kutengeneza makapi hadi katikati ya karne ya 20, muda mrefu baada ya mvuke na chuma kuyaondoa matanga, kwa kuwa idadi ya makapi yaliyohitajika ilipungua lakini kapi lenyewe lilibaki na sehemu zake zilezile tatu. Kadhaa kati ya hizo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London.